Karavani ya Urambo: nilivyochagua na kununua nyumba yangu ya magurudumu

Mimi ni mfuga nyuki. Mizinga yangu iko kwenye miombo ya upande wa Sikonge, na msimu wa kurina ukifika nalala huko wiki mbili, mara nyingine tatu. Kwa miaka minane nililala kwenye hema. Mwaka juzi mvua ya Novemba ilinikuta huko, hema likajaa maji, nikakaa juu ya ndoo ya asali nimejifunika turubai mpaka kukakucha. Asubuhi ile niliamua kutafuta karavani.

Mpya sikuwa na uwezo nayo. Lakini hata ningekuwa na fedha, ningependa ya zamani, na sababu yangu ni ya kifundi. Karavani nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zimeundwa kwa vitu vinne tunavyovijua: chesisi ya chuma, fremu ya mbao, ngozi ya bati la alumini kwa nje, na plaiwudi kwa ndani. Mchomeleaji tunaye, seremala tunaye, fundi bati tunaye. Hakuna kitu ndani yake ambacho Tabora itashindwa kukitengeneza.

Nililipenda pia jina lake. Mji wetu ulikua kwa misafara. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenzangu. Neno karavani asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni msafara huohuo. Waingereza ndio waliokuja kuliita hivyo gari la kulala linalovutwa. Kwa hiyo naona kama neno limerudi nyumbani.

Ya kwanza niliipata kupitia dalali, kwenye yadi moja barabara ya Nzega. Ilikuwa ofisi ya mkandarasi wa barabara, imepakwa rangi ya bluu na nyeupe, mazulia mapya, dari limevishwa plastiki inayong'aa. Waliomba shilingi 7,000,000. Niliingia, nikakaa kwenye kitanda, nikaona kabisa sufuria zangu zitakaa wapi. Nilikuwa tayari kuacha kianzio siku ileile. Bahati nzuri nilikuwa nimeshaahidiana na mzee mmoja jirani yetu, fundi mstaafu wa mabehewa ya reli, kwamba sitatoa hata senti kabla hajaangalia. Behewa la zamani na karavani ni ndugu, aliniambia, vyote ni mifupa ya mbao na chuma ndani ya ngozi ya bati.

Alikuja kesho yake na vitu vitatu mfukoni: sumaku, bisibisi nyembamba na kipande cha chaki. Hakuangalia kitanda wala jiko. Alipitisha sumaku kwenye chesisi, polepole kama anayepiga pasi. Chuma kizima huivuta sumaku. Penye pati, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati, na rangi nene sumaku hulegea. Ililegea sehemu nne, na mbili kati ya hizo ni pale mkono wa mbele wa kuvutia unapoungana na chesisi, mahali panapobeba nguvu yote ya safari. Halafu akaniambia, "Binti yangu, bonyeza dari pale kwenye kona." Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama kama kwenye andazi. Juu ya ile plastiki nzuri plaiwudi ilikuwa imeoza yote.

Tangu siku ile rangi mpya kwenye karavani ya zamani inanitia wasiwasi kuliko kutu. Kutu naiona, naweza kuipigia hesabu. Rangi mpya inanificha ninachokwenda kulipia.

Ya pili niliiona kwenye picha tu, iko Arusha: ndefu, ya alumini tupu, ya Kimarekani, ya aina ileile ambayo Wally Byam, Mmarekani mtengenezaji wa karavani, aliongoza msafara wake kutoka Cape Town hadi Cairo kuanzia mwaka 1959. Nzuri mno. Lakini Wamarekani wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango wa karavani zao uko ubavu wa kulia. Kwetu tunaoendesha kushoto, ukisimama kando ya barabara, mtoto akifungua mlango anashukia kwenye malori. Za Uingereza na Afrika Kusini mlango wao uko kushoto. Niliiacha bila kuuliza bei.

Ya tatu ilikuwa Urambo. Wasomaji wa upande wetu wanaijua historia ya Urambo: Waingereza walileta huko mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, kama walivyofanya Kongwa na Nachingwea, ukawashinda, wakauacha mwaka 1951. Baadaye tumbaku ikachukua nafasi. Kwenye shamba moja la tumbaku, chini ya mwembe, kulikuwa na karavani fupi yenye mgongo wa mviringo. Marehemu mwenye shamba aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anaondoka. Bamba dogo mbele bado lilisomeka: Sprite. Hizi zilitengenezwa Newmarket, Uingereza, na kampuni ya Sam Alper, aliyetaka karavani nyepesi ambazo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kuzinunua na kuzivuta kwa gari dogo. Kwangu mimi wepesi ule ulikuwa na maana, kwa sababu Hilux ya mume wangu si kijana tena.

Ilikuwa mbaya kuitazama. Rangi imebabuka, dirisha moja limezibwa kwa gunia, nyasi zimeota mpaka usawa wa ekseli. Tulipofika tulimkuta dada mkubwa wa familia, nikamwamkia, akaitika, kisha akatuonya: "Mwanangu, msiguse upande wa mbele. Mna nyuki."

Niliweka sikio ukutani. Kweli, walikuwa wamejaa ndani ya ukuta chini ya dirisha la mbele, kundi kubwa, na sauti yao ilikuwa tulivu. Nadhani nilitabasamu, kwa maana yule dada alinitazama kwa mshangao. Ndiyo sababu karavani ilikaa miaka bila mtu kuisogelea, na ndiyo sababu hakuna aliyeipaka rangi.

Ukaguzi ulichukua nusu siku. Mzee alianzia chini, akalala chali kwenye turubai. Chesisi ilikuwa na kutu ya juujuu, lakini nyundo ilipogonga ililia kwa sauti kali ya chuma kizima, wala hakuna palipojibu kwa sauti ya bati bovu. Tukapima kwa kamba kona kwa kona, kama herufi X. Tofauti kati ya kamba mbili ilikuwa milimita 6, akasema chesisi haijapinda. Kisha akachoma mbao kwa bisibisi kuzunguka madirisha, kwenye kona za paa na pembeni mwa sakafu, maana maji huingia kwenye maungio, hayaingii katikati ya bati. Kila palipozama aliweka alama ya chaki. Ubavu wa kulia ulijaa chaki. Mchwa walikuwa wamepanda kupitia gurudumu na kula kipande cha sakafu chenye ukubwa wa meza. Penye skrubu za chuma zilizogusa alumini palikuwa na unga mweupe: vyuma hivi viwili vikikutana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa.

Tairi zilinifundisha jambo ambalo sikulijua. Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kuanzia mwaka 2000 ni tarakimu nne. Hizi zilikuwa na tatu, maana yake ni za kabla ya hapo, hata kama kashata zake zilionekana hazijalika. Kulikuwa na hatari nyingine iliyojificha zaidi. Kichwa cha kuungia kilikuwa cha inchi 2, na mpira wa chuma wa kuvutia, ulio nyuma ya Hilux yetu, ni wa milimita 50. Kwa macho ni kitu kimoja, ila inchi 2 ni milimita 50.8. Kichwa kikubwa kinakaa juu ya mpira mdogo, kinafunga vizuri, halafu kwenye barabara ya mashimo kinaweza kuruka. Na breki zake, zile zinazojifunga zenyewe karavani inaposukuma gari kutoka nyuma, zilikuwa zimeganda. Hapo tukakubaliana kuwa haitavutwa hata mita moja. Itapakiwa.

Bei waliyoomba ni 4,500,000. Sikuiponda karavani yao. Ilikuwa ya baba yao, na kijana aliyetupokea alisimulia jinsi alivyokuwa akilala humo wakati wa kukausha tumbaku. Nilichofanya ni kuandika kwenye karatasi kila alama ya chaki na gharama yake: sakafu, ubavu, tairi mbili, kichwa, breki, dirisha, usafiri. Nikawapa wasome wenyewe. Tukamaliza kwa 2,600,000.

Kuna jambo moja ningetamani kila mnunuzi alishike hapa. Aliyekuwa anatuuzia ni yule kijana, na kadi ya usajili alikuwa nayo mkononi. Lakini kadi ilikuwa na jina la marehemu. Nikauliza, kwa upole, nani msimamizi wa mirathi? Pakawa kimya. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo alikuwa dada yake mkubwa, na ndugu wawili wa Kaliua walikuwa hawajaambiwa lolote. Nisingeuliza, ningekuwa nimenunua kesi. Tulirudi baada ya siku tisa. Ndugu wote walikuwepo chini ya mwembe, mwenyekiti wa kijiji akiwa shahidi, barua ya mahakama mezani. Namba iliyogongwa kwenye chesisi tuliisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka ikasomeka, tukailinganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Fedha niliziweka kwenye akaunti ya msimamizi mwenyewe, na nakala za kila kitu nikapeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) kuanza uhamisho wa umiliki.

Nyuki niliwahamisha mimi usiku uliotangulia kupakia. Mume wangu alishika moshi, nikafungua plaiwudi ya ndani, nikakata sega moja moja na kuyafunga kwa kamba kwenye viunzi vya mzinga wa kisasa. Malkia nilimwona mapema, kundi likamfuata. Nilipomaliza kukwangua nilimulika tochi. Mbao zote walizokuwa wamejenga juu yake zilikuwa zimepakwa gundi ya nyuki, ya hudhurungi, inayong'aa, na bisibisi haikuzama hata nywele. Kona ile ndiyo iliyokuwa nzima kuliko zote. Nilisimama pale kwa muda mrefu, na sioni aibu kusema machozi yalinilengalenga.

Fuso ilitufikisha Tabora mchana, kama kilomita 90. Vijana wa kupakia walikuwa kumi na wawili, wakaishusha kwa magogo.

Nilitaka kuanza kubomoa siku hiyohiyo. Mzee alikataa. Akataka pia nijue mapema kwamba hatutatumia mninga kila mahali, ingawa Tabora ndiyo kwao mninga na kila mteja anautaka. Mninga utakaa chini, kwenye mbao zinazobeba sakafu, kwa sababu haupindi ovyo na mchwa hawaupendi. Juu tutatumia paini iliyotiwa dawa, kama Waingereza walivyotumia mbao laini, la sivyo nitajikuta na kabati la nguo linalovutwa na gari lililochoka. Kuhusu kubomoa alisema neno moja tu: "Subiri inyeshe."

Ilinyesha baada ya siku nne, saa tisa usiku. Niliingia ndani na tochi na chaki, nikakaa sakafuni upande ambao mchwa hawakuufikia, na kila tone lilipojitokeza nikaweka alama mahali lilipoanzia. Mvua ilikatika alfajiri. Nikahesabu: alama 11, na 6 kati ya hizo zilikuwa kuzunguka dirisha lile lililozibwa kwa gunia. Mzee alikuja na chai yake kwenye chupa, akazihesabu tena mwenyewe, kisha akanikabidhi bisibisi nitoe skrubu ya kwanza ya dirisha hilo.