Asante kwa sala zako, dada

Ilikuwa Jumatatu, kwenye ngazi. Mimi nashuka na kabrasha mkononi, mwenzangu wa ofisini anapanda. Akanishika mkono, macho yanang'aa.

"Dada, asante kwa sala zako. Nimepata!"

Nami nikajibu bila hata kumeza mate: "Tumshukuru Mungu. Nilijua tu."

Nilijua tu. Nimelirudia jibu hilo wiki nzima, nikipiga mswaki, nikipiga pasi, nikimsubiri baba watoto afunge geti. Wiki hii tumehamia ofisi mpya na mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, lakini ninachokisikia kichwani ni sauti yangu mwenyewe pale ngazini. Kwa sababu sikumwombea. Hata siku moja.

Mnaonisoma siku nyingi mnamfahamu: ndiye yule jirani wa meza wa kisa cha mashine ya nakala. Mnaikumbuka pia ratiba yangu ya sala, niliyoibandika nyuma ya mlango wa kabati mwanzoni mwa Kwaresima, nikaja kuwatambia nayo humu. Majina kumi na moja, kila usiku kabla ya kulala. La kwanza langu, la saba lake. Na ratiba niliishika! Hilo ndilo linaloniuma. Kwaresima nzima nimekosa mara mbili tu, na zote nilikuwa na homa.

Mwanzoni nilijiambia kwamba nilisahau. Uongo. Aliyesahau jina halioni. Mimi nililiona kila usiku: nafika la sita, shangazi na mguu wake, navuta pumzi, naenda la nane. Niliruka kama mtu anavyoruka dimbwi, bila kutazama chini. Maana nafasi ile ya cheo kazini aliyoniomba nimwombee, nami niliiomba. Yeye hakujua. Alijua baba watoto peke yake.

Kila usiku huohuo, tena, nilikuwa nachunguza dhamiri kwa ile orodha ya mawazo mabaya manane ya Evagrio wa Ponto, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uvivu wa roho, kupenda sifa, kiburi. Nililoangukia naliwekea kitone, nikimuiga Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyetaka mtu ahesabu makosa yake kwa vitone na kulinganisha siku na siku. Basi Jumatatu usiku nikakitoa kidaftari nitafute wivu. Haumo! Evagrio hakuuweka. Ni Papa Gregori Mkuu, karibu miaka mia mbili baadaye, aliyeipanga upya orodha na kuuingiza. Nakiri kwamba kwa kama nusu saa nilifarijika, mithili ya mwanafunzi aliyegundua kwamba swali lililomshinda halikuwamo kwenye muhtasari.

Kisha nikaviona vitone vya huzuni. Vimejazana, vyote wiki zile za usaili, na pembeni nimeandika "uchovu". Mtakatifu Toma wa Akwino anaueleza wivu kuwa ni kuhuzunikia mema ya mwenzako, ukiyaona kama yanakupunguzia wewe hadhi. Kumbe ulikuwemo muda wote, umejifunika shuka la mwingine. Na mimi kila usiku naupigia kitone, nafunga daftari, nalala.

Jumatano nikaenda kuungama. Nikaanza na lile la kutotimiza wajibu, ambalo kwenye "Nakuungamia" tunalifikia mwishoni, baada ya mawazo, maneno na vitendo, pumzi zimeshatuishia. Nikaongeza na Samweli, aliyewaambia Waisraeli kwamba kuacha kuwaombea kungekuwa kumtenda Bwana dhambi. (Naungama na rejea, mnanijua.) Padre akaniacha nimalize, akauliza swali moja:

"Ulitaka asipate?"

Kimya. Nikasikia mtu akikohoa nje kwenye foleni.

"Ndiyo, Padre."

Rejea zote zile, na kumbe nilichokuwa nimekwenda kusema kilikuwa neno moja.

Nikauliza kama niende nikamwambie. Nilikuwa na Mathayo 5 tayari mdomoni, ile ya kuiacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Akasema ndugu yule wa Injili ana neno juu yako, huyu hana. Utakwenda kumtwisha mzigo ili wewe upate usingizi. Kitubio changu: siku tisa nimwombee, na awe wa kwanza, kabla ya jina langu, nikimtakia lile ambalo ningelitaka mimi.

Usiku wa kwanza maneno yalitoka kama natafuna mchanga. Wa pili nilitazama saa mara tatu. Evagrio anasema pepo wa uvivu wa roho humfanya mmonaki alione jua kama haliendi. Langu limo ndani ya simu. Wa tatu nikaanza vizuri kabisa: Bwana, umjalie hekima katika cheo kipya, umjalie uvumilivu, nikajisikia naendelea, umfundishe kufupisha barua pepe zake, na asiwe anawatumia nakala watu wote hata wasiohusika. Hapo nikashtuka. Hayo yalikuwa mashtaka kwa bosi mkubwa zaidi! Kicheko kikanitoka gizani, baba watoto akageuka.

"Unasali au unasengenya?"

"Vyote."

"Basi malizia, tulale."

Nikamalizia, na ajabu ni kwamba nililobakiza lilitoka kwa urahisi. Nilimwombea mama yake, ambaye ndiye aliyemlilia siku ile alipoitwa kwenye usaili. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ana mama. Hilo kweli nililisahau.

Ijumaa tulikutana tena, si ngazini, ofisi mpya haina ghorofa. Akanionyesha meza yake karibu na dirisha. Ni nzuri. Iliniuma kidogo, nikaweka kitone, safari hii nikaandika pembeni neno lenyewe.

Jambo jingine, na hili limeninyima usingizi kuliko yote tangu jana. Mwalimu wa kijana wetu wa pili ametuma ujumbe kwamba anasogelea ubao na kukodoa macho. Nyumbani tumekuwa tukimgombeza kwa kuibandika pua kwenye televisheni, tukidhani ni utundu. Leo baada ya Misa nikamsimamisha mlangoni nikamwambia anisomee mwezi kwenye kalenda ya ukuta wa mbele.

"Kalenda ipi, mama?"