Smoka yangu ilivyozima nyumba nzima

Jumamosi ile jodari kilo nne nshampaka chumvi toka asubuhi, smoka nimeiegesha uani, nikachomeka, nikahesabu kama dakika tano hivi, paa! Giza. Mama alikuwa ndani anatoa barafu kwa friji, nikamsikia tu, "We mwanangu, si nilikwambia huyo samaki tumtie nazi tule tulale!"

Kama hujaiona, smoka ya umeme ni kabati la chuma, chini kuna koili ya kutoa moto, juu ya koili kisahani cha kutia vipande vya mbao (mimi hutumia mwembe mkavu), moshi ukipanda samaki anaiva polepole. Yangu nilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Malindi, na kaskazi yote ilifanya kazi vizuri.

Nikaita fundi. Akaangalia kile kioo cha namba, akasema bodi (kile kibao cha saketi kinachoongoza mashine) imekufa, lete elfu nane. Hata nyuma hajafungua! Mi nikajiuliza, bodi imekufa vipi na namba zinawaka? Halafu bodi ikifa mara nyingi mashine hukaa kimya tu, sasa hii inazimaje nyumba nzima.

Nikamshukuru, nikampa ya soda.

Kitu cha kwanza nilichoangalia ni swichi gani imeanguka. Haikuwa ile ndogo ya soketi za uani, ni ile kubwa yenye kidude cha kujaribia, ambayo huanguka stima ikivuja kwenda kwa chuma au kwa mtu. Basi hapo nikajua si mzigo mwingi, ni kuvuja. Nikatoa ekstensheni nikachomeka moja kwa moja kwa soketi ya jikoni, ikaanguka tena, mama akasonya. Plagi nayo ikawa inanuka, kufungua naona waya umelegea na skrubu ina kutu ya kijani, chumvi ya bahari hii haituachi. Smoka ya wati 800 kwa volti 240 inavuta ampea tatu na kitu tu, plagi ya 13 haina sababu ya kupata moto, ukiona imepata moto ujue waya haujakaza. Nikabadilisha plagi, lakini kuvuja bado.

Nikachomoa (chomoa kabisa, usizime swichi tu ukadhani uko salama), nikafungua nyuma, nikaitoa koili. Mita ya kupimia umeme ikasoma oum 72, yaani koili nzima kabisa, haijakatika. Lakini nilipoweka ncha moja kwenye koili na nyingine kwenye ganda lake la chuma, pale ambapo mita haitakiwi kusoma chochote, ikasoma.

Kumbe ndani ya ganda mna unga mweupe umezunguka waya, na ule unga hunyonya unyevu kama chumvi kwenye kopo lisilo na kifuniko. Hapo ndo nikakumbuka: kusi yote bahari ilikuwa chafu, samaki hakuna, smoka imekaa barazani na mvua za masika zote zimeipitia. Ugonjwa wake ulikuwa ni kukaa bure.

Koili nikaitia kwa oveni ya gesi, moto mdogo, masaa mawili, ikapoa, nikapima, mita kimya. Vibano vya waya nikavisugua na msasa. Siku hizi hata kama sina samaki naiwasha nusu saa kila wiki.

Binamu yangu wa Marekani kusikia hivyo akataka kunitumia ya kwao, nikamwambia we tulia, hizo ni za volti 120, kwa 240 yetu koili inatoa moto mara nne, itakufa kabla sijamaliza bismillahi, na transfoma ya kushusha yenye kubeba nguvu hiyo ni nzito kama jiwe la kusagia.

Jumamosi iliyofuata naipeleka plagi ukutani, kugeuka nyuma mama kasimama mlangoni na tochi, tayari imewashwa. Akangoja, akangoja, mwisho akauliza, "Ushachomeka kweli?"