Heka siyo hekta, jamani

Mjomba wangu ana shamba Kilosa, heka tano, kalinunua zamani na wote tunalijua kama heka tano. Juzijuzi wapimaji wamepita kijijini kwao mambo ya hati za kimila, karatasi ikatoka imeandikwa hekta 2.02. Akanipigia simu asubuhi sauti inatetemeka: "Mjomba, nimeibiwa, nusu ya shamba imeenda." Na kabla hajanipigia mimi alishagombana na jirani wa mpakani, watu waliozikana miaka yote, kisa karatasi.

Hakuna aliyeibiwa. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, ekari moja ni kama 4,047, kwa hiyo ekari tano ni hekta 2.02, shamba ni lilelile. Ila huku kwetu ekari tunaiita heka, na heka na hekta masikioni ni kitu kimoja, mtu hajaelezwa unategemea afanye nini?

Kinachoniumiza zaidi ni hii "70 kwa 70". Uliza mtu yeyote heka ni ngapi atakwambia sabini kwa sabini, sawa, sabini za nini? Ekari ni kipimo cha Waingereza, ni yadi za mraba 4,840, na yadi 70 kwa 70 inakupa 4,900, yani karibu kabisa, nadhani ndo ilikotoka hesabu yenyewe. Yadi tumeisahau, sabini ikabaki. Sasa mmoja anavuta tepu mita 70, mwingine anatembea hatua 70, na wote wanasema heka.

Piga hesabu uone. Heka tano za mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 24,500, hiyo ni ekari sita na kidogo. Heka tano za hatua, tuseme hatua ya sentimita 75, ni kama 13,800, hata ekari tatu na nusu haifiki. Jina moja na bei moja, na anayeumia mara nyingi ni mama mjane au kijana katoka mjini na hela ya mkopo, anatembezewa hatua na dalali anaitikia tu.

Mjomba alibahatika, mzee aliyemuuzia aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na alipima kwa yadi kama alivyofundishwa, ndo maana namba imekubali.

Watu wakisema wakulima hawataki vipimo vya kisasa siwaelewi kabisa. Kilo tumeikubali, lita tumeikubali, hakuna anayeuliza paundi ya sukari dukani. Kwa sababu mzani unauona kila siku na ukipunjwa leo kesho unahama duka. Ardhi unanunua mara moja maishani, utajifunzia wapi? Hata fundi anakutajia nondo ya milimita 12 na mbao ya inchi mbili kwa nne kwenye nyumba hiyohiyo na hakosei, maana anazishika kila siku.

Na hata ukishapata shamba lako bado. Mbegu ya mahindi wanashauri kama kilo 20 mpaka 25 kwa hekta, mtu akisikia heka anamwaga zote kwenye ekari moja iliyotakiwa kilo 8 mpaka 10. Mbolea hivyohivyo, mara mbili na nusu ya inayotakiwa, na bei ya mbolea mnaijua.

Kwa hiyo bwana shamba, mpimaji, mwenyekiti, nawaomba kabisa, mkiandika hekta pembeni andikeni na ekari, na mkisimama kwenye mkutano wa kijiji vuteni kamba mita 64 kwa 64 watu waione ekari kwa macho. Dakika kumi hazifiki.

Jumapili naenda Kilosa na tepu ya mita 50, tutapima mimi na mjomba, na yule jirani nimemuomba aje ashike upande wa pili.