Jinsi nilivyotatua ishu ya maua ya nje ya fensi kufa kila kiangazi

Wakuu, kile kipande cha nje ya ukuta, kati ya geti na barabara, kilikuwa kinanitoa jasho, ukipanda maua mbuzi wa mtaani wanamaliza, yakibaki jua linayachoma. Nikachimba nione chini kuna nini, kumbe ni kifusi na kokoto za mafundi waliojenga ukuta, sasa mzizi upite wapi hapo? Nikampa kijana kazi akatoa kifusi futi moja na nusu kwenda chini, tukajaza udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri (mbichi inaunguza mizizi), alafu bustani nikaiacha chini kidogo ya usawa wa njia ili maji ya mvua yaingie badala ya kusomba udongo.

Mbuzi sasa. Mbele nimepanda mshubiri (aloe vera), uchungu ule hawaugusi, nyuma boganvilia za miba zinapanda ukutani. Minyaa niliikataa, maziwa yake yakiingia jichoni ni balaa na watoto wa shule wanapita hapo kila siku. Karibu na geti ni mimea mifupi tupu, ukitoa gari uone bodaboda. Kumwagilia ni mara mojamoja jioni, na boganvilia ukizibania maji ndo zinatoa maua zaidi.