Alipata vema zote, akamwacha mgonjwa

Mama yangu Tanga bado huniuliza kwenye simu, "Kwa hiyo mwanangu unawakanda Wazungu?" Nimechoka kueleza. Nafundisha kiropraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, Uingereza, na kila mwaka nashinda kwenye chumba kidogo nikitahini. Kengele inalia, anaingia mwanafunzi mmoja, dakika nane, kengele, anaingia mwingine. Mtindo huu daktari Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliueleza mwaka 1975: watahiniwa wote wanapita vituo vilevile, mgonjwa mara nyingi ni mtu aliyefunzwa kuigiza, mtahini ana orodha anapiga vema.

Orodha hiyo ndiyo iliyoniumbua.

Kituo changu kilikuwa cha maumivu ya kiuno. Mgonjwa alifundishwa kwamba akiulizwa habari ya mkojo, ajibu kuwa tangu jana unatoka kwa shida. Akidodoswa, aseme ana ganzi pale anapokalia. Anayeijua kazi hapo anashtuka. Huenda mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo inabanwa. Mtu huyo hanyooshwi mgongo, anakimbizwa hospitali akapigwe picha ya MRI, maana akicheleweshwa anaweza kubaki hawezi kuzuia mkojo wala choo.

Kijana mmoja aliuliza, "Mkojo unatoka vizuri?" Akajibiwa. "Sawa," akasema, akachukua nyundo ndogo ya kupimia mishipa ya fahamu akaanza kugonga magoti. Vema: ameuliza. Vema: goti. Vema: kifundo. Alimaliza orodha kabla ya kengele.

Baadaye akaingia binti. Aliposikia jibu lile aliweka nyundo mezani, akavuta kiti, akauliza la ganzi kwa sauti ya chini. Akapima nguvu za miguu, basi. "Leo sikugusi mgongo. Unakwenda hospitali sasa hivi." Nusu ya fomu yangu ilibaki tupu.

Kijana alifaulu. Binti alianguka, na mwandiko ni wangu. Alikuja ofisini, akaisoma fomu yote, akaniuliza, "Mwalimu, ulitaka niendelee kumgonga magoti?"

Fomu zile mbili nilizipeleka kwa wenzangu. Tulibishana sana, lakini swali la mkojo sasa halina vema mpaka jibu lake lifanyiwe kazi. Tuliongeza pia alama ya jumla: mbali na orodha, huyu ni wa kufaulu, kufeli, au yuko katikati? Wastani wa alama za orodha za waliowekwa katikati ndio mstari wa kufaulia. Kisha tukaanza kutazama video za mitihani wawili wawili, kila mtu na fomu yake. Hapo nikagundua kwamba mwanafunzi mwenye mikono laini namhurumia kwenye alama kupita kiasi.

Kunyoosha shingo bado kunatushinda kwenye mtihani. Mwanafunzi anaweka mikono, anataja uelekeo, anaishia hapo. Huwezi kuruhusu mwigizaji asukumwe shingo na kila mtahiniwa kutwa nzima. Kwa hiyo kasi na nguvu ya msukumo tunaziangalia kliniki, mmoja mmoja, mimi nikiwa nimesimama kando ya kitanda.