Homoni kwenye majitaka: kazi iko kabla ya mashine

Watu wakisikia mtu anapima homoni kwenye majitaka swali la kwanza ni mashine gani mnatumia, na mimi kila siku nasema mashine inakuja mwisho jamani, kazi yenyewe ni kuandaa sampuli. Tunaongelea nanogramu kwa lita, yaani gramu moja kwenye lita bilioni moja, afu uitafute humohumo kwenye sabuni, mafuta na kinyesi.

Kwanza njiani. Homoni nyingi zinatoka mwilini zimefungwa na sukari au salfeti, bakteria wa majitaka ndo wanazifungua, kwa hiyo chupa ikipigwa na jua la Dodoma toka mabwawa ya majitaka ya Swaswa mpaka maabara, utapima kilichotokea kwenye gari na sio kilichokuwa bwawani. Deli lenye barafu ni lazima.

Maabara unachuja, unapitisha polepole kwenye katriji ya C18, yaani kibomba chenye unga unaonasa homoni, ukiharakisha zinapita na maji. Methanoli inazitoa, unaikausha kwa naitrojeni mpaka lita nzima inabaki matone kwenye kichupa, ndo unaingiza kwenye kolamu, bomba jembamba la mashine linalozitenganisha. Estroni, estradioli, estrioli, na ile ethinili-estradioli ya vidonge vya uzazi wa mpango, kila moja inatoka kwa muda wake. Ila uchafu nao unatoka pamoja nazo unazima ishara ya mashine, unaweza kusoma sifuri na homoni ipo! Dawa yake ni kuweka mwanzoni kabisa, kabla ya katriji, estradioli yenye hidrojeni nzito, ambayo mashine inaitofautisha kwa uzito, kwa kiasi unachokijua, ikipotea nusu unajua na ile ya kwenye maji imepotea nusu. Bila hiyo mi siamini namba ya mtu.

Na namba ndogo sio jambo dogo. Kanada, Ontario, 2001 mpaka 2003 waliweka ethinili-estradioli nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita kwenye ziwa dogo la utafiti, samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kuisha kabisa. Sasa sisi huku mito ni makorongo makavu karibu mwaka mzima, hatuna mto mkubwa wa kuyapunguza makali maji yanayotoka mabwawani. Ndo maana natamani tupime yanapoingia na yanapotoka, kiangazi na masika, tuweke namba mezani.