Kumbukumbu ya Mradi: Remington ya 1858, Nipli, Masizi na Springi

Kilicho mezani ni nakala ya bastola ya silinda Remington New Model Army iliyoundwa na Pietta wa Italia, kaliba .44, fremu ya chuma. Alama ya PN iliyogongwa kwenye chuma ina maana kwamba imepimwa kwa baruti nyeusi. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi inaweza kuipasua silinda, hata ikitiwa kidogo. Na ingawa hujazwa kwa mbele kama gobore, mwenye kuiweka nyumbani Nairobi aichukulie kuwa silaha kamili chini ya Sura ya 114, yaani Sheria ya Silaha ya Kenya: cheti mkononi, sefu imefungwa.

Kufungua ni rahisi. Hakikisha chemba zote sita ni tupu na hakuna fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, kwenye nipli, yaani kijibomba kilicho nyuma ya kila chemba. Vuta nyundo nusu, shusha wenzo wa kushindilia, vuta mhimili mbele, silinda itoke kwa upande wa kulia.

Nipli ndizo zilizokula muda. Vichwa vilikuwa vimebondeka na kutanuka, kwa hiyo fataki namba 10 haikukaa hadi chini: pigo la kwanza la nyundo liliisukuma tu, la pili ndilo liliiwasha. Kinachobonda nipli ni kufyatua bila fataki. Kipimo chake ni karatasi ya kawaida ya printa, yenye unene wa karibu milimita 0.1. Silinda ikiwa mahali pake na nyundo imeshuka kabisa, karatasi ipite kati ya nyundo na nipli kwa kukwaruza kidogo. Ikibanwa, nyundo inagonga chuma. Nipli za Pietta zina uzi wa skrubu wa M6 wenye nafasi ya milimita 0.75 kati ya mkato na mkato. Bolti za M6 zinazouzwa Kirinyaga Road ni za 1.0, kwa hiyo fundi atakayejitolea "kusafisha uzi" kwa tepu ya kukatia uzi aliyo nayo ataiharibu silinda nzima. Nipli mpya zilifungwa kwa grisi ya shaba, zikakazwa kwa mkono tu.

Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi za potasiamu zinazofyonza unyevu hewani, na wakati wa masika kutu hutokea kabla hujapata nafasi ya kuiona. Maji ndiyo dawa, wala si petroli. Ya vuguvugu pamoja na tone la sabuni ya vyombo yanatosha. Yanayochemka hukausha chuma haraka mno na kuacha wekundu wa kutu juu yake. Vibao vya mpini vitolewe kwanza. Piga brashi mtutu na kila chemba, kisha usisahau mfereji wa nyundo, maana masizi huteremkia humo hadi kwenye mitambo. Vipande vikauke kwenye oveni ya moto mdogo, vipakwe mafuta vikiwa bado na joto.

Mafuta ya injini hayafai mahali moto unapofika: yakikutana na masizi hugeuka lami, na silinda hukwama kwenye mhimili. Badala yake, mafuta ya kondoo kutoka bucha, yasiyotiwa chumvi, sehemu tatu kwa moja ya nta ya nyuki. Yayeyushe katika sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, uyachuje kwa kitambaa.

Springi bapa yenye miguu miwili, mmoja wa triga na mwingine wa kizuizi cha silinda, ilivunjika pale miguu inapogawanyika. Mahali hapo kiwanda huacha kona kali, na ufa huanzia hapo. Mbadala ulisuguliwa kwa msasa namba 600 kwa urefu wa mguu, kamwe si kwa upana, kwa sababu kila mkwaruzo wa kukingama ni ufa unaosubiri. Skrubu yake ikazwe kiasi. Bisibisi iwe na ncha iliyochongwa kujaza mfereji wote, la sivyo kichwa kitaliwa.

Baada ya hapo nilipima mwendo wa silinda: kizuizi kiingie kwenye pango lake kabla tu nyundo haijafika mwisho. Kinaingia sawasawa katika chemba tano. Katika ya nne kinachelewa, dalili kwamba kidole kinachosukuma silinda kimelika au meno ya nyuma ya silinda hayalingani. Kidole kipya kitanunuliwa kirefu kidogo, kipunguzwe kwa tupa laini, mikwaruzo miwili mitatu kisha kipimwe. Kikipungua kupita kiasi, hakirudi.